Sawa, kilekile, moja au mamoja? Lugha za wenzetu zinavyotusaidia kuchagua

Kamati ya harusi ilituma picha ya kitenge kwenye kundi la WhatsApp saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa dukani, simu mkononi. Muuzaji akaitazama picha, akapanda kigoda, akateremsha jora kutoka rafu ya juu na kulibwaga kaunta. "Dada, kilekile." Nikalipia doti moja. Siku ilipofika, tulipojipanga nje ya ukumbi kupigwa picha, wenzangu wote walikuwa katika nyekundu iliyoiva na mimi nilikuwa katika damu ya mzee. Maua yaleyale, mistari ileile ya pindoni, hata maandishi ya kiwandani yaleyale. Mpiga picha alinisogeza mwisho wa mstari, kisha akaniomba nirudi nyuma kidogo.

Sikurudi dukani kugomba. Kazi yangu ni kufasiri na kuhariri, na najua yule kijana hakusema uongo kamili. Neno "kilekile" lilimpa upenyo. Mimi nilisikia "hiki ndicho walichonunua wenzako", yeye alimaanisha "hiki ni ndugu yake". Ndivyo ilivyo kwa ukoo mzima wa maneno yetu ya usawa na ufanano: sawa, moja, ileile, mamoja, kulingana, kufanana, sare. Kila moja lina mlango wa mbele na wa uani. Kwangu mimi njia nyepesi ya kuyachagua imekuwa kuyaweka kando ya maneno ya lugha nyingine, maana pale tulipo na neno moja mara nyingi wenzetu wana mawili, na wao wakiwa na moja sisi tuna matatu.

Chenyewe au mwenzake?

Mjerumani angekuwa na kesi nzuri kuliko yangu dhidi ya muuzaji yule. Kijerumani kina "dasselbe" kwa kitu chenyewe, na "das gleiche" kwa kitu cha pili kilicho kama cha kwanza. Mume na mke wakiendesha "dasselbe Auto", nyumbani kwao kuna gari moja na wanapokezana ufunguo. Wakiendesha "das gleiche Auto", yako mawili uani, ya muundo mmoja. Mitaani Wajerumani wenyewe huyachanganya na walimu wao hawaachi kuwasahihisha, lakini anayeihitaji tofauti hiyo anaikuta mezani.

Mfaransa ana neno moja, "même", ila hulihamisha. "Le même jour" ni siku ileile, "le jour même" ni siku yenyewe hasa. Sisi kazi hizo mbili tumezigawia maneno mawili, kwa hiyo mfasiri asipoangalia "même" imekaa mbele au nyuma ataandika "siku hiyohiyo" palipotakiwa "siku yenyewe". Ni kosa dogo, mpaka liingie kwenye hati ya mahakama.

Kiswahili nacho, kikitaka kukitaja kitu chenyewe bila shaka yoyote, hukimbilia namba. "Tumezaliwa baba mmoja mama mmoja." Hakuna atakayedhani ni baba wawili wanaofanana. "Tumesoma shule moja." "Wanakaa nyumba moja." "Hawa lao moja." Hapa tumesimama na ndugu zetu wa Kibantu: Mnyarwanda husema "kimwe", Mganda "kye kimu", mwenye Lingala "ndenge moko", yaani namna moja. Wote wamechukua namba ya kwanza ya kuhesabia wakaifanya neno la kutambulisha. Laiti ningemuuliza yule kijana, "Ni jora moja na la wenzangu?"

Namba nayo ina mtego wake. "Walikunywa kikombe kimoja" inaweza kuwa habari ya kiasi, kwamba hawakuongeza cha pili, na inaweza kuwa habari ya kikombe chenyewe kilichozungushwa mkono kwa mkono. Nikikutana na sentensi ya aina hiyo naacha ubahili wa maneno, naandika "walipokezana kikombe".

Kwa kitu cha pili kilicho kama cha kwanza, usiguse "ileile". Sema "aina moja", "mfano wake", "kama hii". Jihadhari pia na "nyingine": ukiagiza "chai nyingine" mgahawani, mhudumu hajui kama unaongeza kikombe au umeikataa ya kwanza. Anayejua mambo husema "ongeza" au "nibadilishie", na mjadala unaishia hapo.

Kufanana kuko daraja la chini, na uzuri wake ni kwamba hakudai mengi. Mapacha hufanana kama shilingi kwa ya pili na bado kila mmoja ana cheti chake cha kuzaliwa. Ukitaka lugha ya kitabuni kuna "kushabihiana", tuliloazima Kiarabuni, na kuna "kulandana". Mimi nayapenda katika uhakiki wa mashairi. Kwenye mkataba wa mauzo yanaonekana kama yamevaa kanzu ya Idi siku ya kazi.

Pimamaji

Tukiacha kutambulisha tukaja kwenye kupima, "sawa" ndiyo mwenye nyumba. Tumeitoa Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba unyoofu wa kitu kisichopanda wala kushuka. Maana hiyo hatujaipoteza. Tunaposema kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hamna haki za binadamu humo, ni maji yaliyotulia. Tukimwambia fundi atundike picha usawa wa macho, tunamaanisha mstari wa kulala.

Mzee aliyenijengea ukuta wa uani alikuwa mtu wa maneno machache. Alilaza pimamaji juu ya tofali, kiputo kikakimbilia kushoto, naye akaligonga tofali kwa mpini wa mwiko, mara mbili, taratibu. Kiputo kikarudi nusu. Akagonga tena. Kilipotulia katikati ya mistari miwili akasema, "Barabara."

Neno hilo tusilichanganye na njia ya magari. La magari hukazwa kwenye silabi ya tatu, ile ya kabla ya mwisho, kama yalivyo maneno yetu mengi. La fundi hukazwa kwenye ya pili, na ndiyo alama kwamba lilikuja na majahazi: ni "barābar" ya Kiajemi, ambayo wasemaji wa Kihindi na Kiurdu wanaitumia hadi leo kwa maana ya sawa, sambamba. Ndani yake mna "bar", kifua. Picha yake ni ya watu wawili waliosimama kifua usawa wa kifua, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Warumi nao walikuwa na "aequus", tambarare, ambalo limezaa "equal" ya Waingereza na "égal" ya Wafaransa. Kutoka mzizi huohuo walikuwa na "aequor", uso wa bahari uliotulia. Yaani usawa wa bahari, kwa Kilatini, bila kutuuliza. Wachina husema "píngděng", na "píng" yake ni bapa. Wajapani wakalichukua wakalitamka "byōdō", na hekalu la Byōdō-in huko Uji, karibu na Kyoto, linabeba jina hilo. Ukumbi wake mkuu ulijengwa mwaka 1053 na umechorwa kwenye sarafu ya yeni 10. Mwarabu, Mrumi na Mchina, kila mmoja aliiona ardhi iliyonyooka akalipatia hapo neno la usawa.

Kibantu kimepita njia nyingine, ya kusimamisha vitu viwili bega kwa bega na kutazama. Sisi tuna "kulingana". Wazulu wana "ukulingana", neno lilelile, na safari hii naliandika "lilelile" bila wasiwasi. Wanyarwanda, ambao "l" yetu kwao mara nyingi huwa "r", wana "uburinganire". Lakini neno lao ninalolionea wivu ni "kureshya", kuwa na urefu mmoja. Katiba yao husema watu wote "barareshya imbere y'amategeko", wako kimo kimoja mbele ya sheria. Unaweza kuona mstari wa watu na rula juu ya vichwa vyao. Waganda wana "okwenkana", kulingana kwa ukubwa, na humo wakachonga "obwenkanya", haki katika kugawa na kuamua. Nitalirudia hilo.

Sasa, uchague "sawa" au "kulingana"? Angalia mkia wa kitenzi. "Kulingana" kuna "-ana" ya kutendana, kwa hiyo kunadai wawili. "Niko sawa" inasimama peke yake. "Nalingana" peke yake inaacha msikilizaji akingoja. Unapopima vitu viwili na unataka wote wawili waonekane kwenye sentensi, chukua kulingana: "kuta mbili zinalingana urefu", "vidole vya mkono havilingani". Unapotoa hukumu kwamba jambo limekaa mahali pake, chukua sawa.

Tahadhari moja, na hii imenila saa nyingi za kazi. "Kulingana na" imekuwa pia "kwa mujibu wa". Ukiandika "mishahara imepangwa kulingana na ya mwaka jana", mfanyakazi anasoma kwamba atapata kiasi kilekile, mwajiri anasoma kwamba alitazama ya mwaka jana kabla ya kupanga. Andika "ni sawa na ya mwaka jana" au andika "kwa kuzingatia ya mwaka jana". Usimwachie hakimu achague.

Sawa kwa kipi?

Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Sentensi ya kwanza ya kifungu cha kwanza imefasiriwa katika mamia ya lugha, kwa hiyo ni uwanja mzuri wa kulinganishia. Kiingereza chake kilianza na "all men", wanaume wote kama utalishika neno kwa ukali, na mjumbe wa India, Hansa Mehta, ndiye aliyesimama kidete mpaka likawa "all human beings". Kiswahili kilikwepa ugomvi huo bila jasho, kwa kuwa "watu" halikuwahi kuwa na jinsia. Shida yetu ilikuwa kwenye "equal". Tazama wenzetu walivyolivuka:

Kifaransa: naissent libres et égaux en dignité et en droits
Kijerumani: frei und gleich an Würde und Rechten geboren
Kiarabu: ahraran mutasawina fil-karama wal-huquq
Kizulu: bazalwa bekhululekile belingana ngesithunzi nangamalungelo
Kiswahili: Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa.

Wanne wa kwanza wanafanya jambo moja: wanawaita watu sawa, halafu wanataja ni sawa kwa kipi. Mfaransa ana "en", Mjerumani ana "an", Mwarabu "fi", Mzulu "nga-". (Kizulu, kwa njia, hutumia "isithunzi", kivuli, kwa hadhi ya mtu. Watu wanalingana kwa vivuli vyao. Sijui lugha iliyosema vizuri zaidi.) Mfasiri wa Kiswahili alifanya lake. Alimwondolea mtu neno "sawa" akalivisha hadhi na haki. Watu wamezaliwa huru, nukta yao imeishia hapo. Kilicho sawa ni hadhi zao na haki zao.

Naona ulikuwa uamuzi wa mtu aliyesikia Kiswahili kikisemwa. Angeandika "watu wote wamezaliwa huru na sawa", nusu ya wasikilizaji wangesikia kwamba wamezaliwa wazima, hawana tatizo, na nusu nyingine wangejibu na vidole vya mkono visivyolingana. Kwa kuhamisha neno hatua moja, aliwanyang'anya wote hoja. Wewe ni mrefu, mimi mfupi, wewe una shamba, mimi nina kapu. Sentensi haikugusa hayo.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika haki zilizoingizwa mwaka 1984, imechukua njia ya mkato. Ibara ya 12(1): "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Basi. Hapa unasikia sauti ya Azimio la Arusha la 1967, ambalo miongoni mwa imani za TANU liliweka kwamba binadamu wote ni sawa. Ni sentensi ya jukwaani, ina pumzi, inaimbika. Haisemi sawa kwa kipi, na nguvu yake iko humo. Ila waandishi wa sheria hawakuiacha itembee peke yake: ibara inayofuata inasema "watu wote ni sawa mbele ya sheria", na hapo kipimo kimepatikana.

Wamarekani wa 1776 waliandika katika Tangazo lao la Uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa, "created equal", bila kusema kwa kipi, na aliyeiandika rasimu, Thomas Jefferson, alikuwa anamiliki watumwa. Sentensi isiyo na kipimo hukaa na mengi.

Kwa hiyo ninapohariri, kanuni yangu ni hii: kwenye hotuba, bango na wimbo, "wote ni sawa" inatosha na kuiongezea ni kuiharibu. Kwenye hati ambayo mtu atalipwa, atatozwa au atafukuzwa kazi kwa ajili yake, lazima kipimo kitajwe. "Waombaji wote ni sawa" haina kazi. "Waombaji wote watapimwa kwa vigezo vilevile" ina kazi.

Hilo linanipeleka kwenye neno linalogombanisha watu kuliko yote, "usawa wa kijinsia". Mwaka 1995 Mtanzania, Gertrude Mongella, alikuwa katibu mkuu wa mkutano wa nne wa wanawake wa Umoja wa Mataifa huko Beijing, na kaulimbiu yake kwa Kiswahili ilikuwa Usawa, Maendeleo na Amani. Tangu hapo neno limetembea hadi vijijini. Na kila mkutano niliokaa, anasimama mzee mmoja wa nyuma na kuuliza, "Kwa hiyo na sisi wanaume tuzae?" Watu wanacheka, mwezeshaji anakasirika. Mimi sikasiriki. Mzee amesikia "usawa" kwa maana ya kufanana, na Kiswahili kimempa ruhusa.

Wajerumani walipoandika katiba yao ya 1949, mwanasheria Elisabeth Selbert alipigania sentensi fupi: "Männer und Frauen sind gleichberechtigt." Neno la mwisho ni sawa na haki vilivyoshonwa pamoja, wenye haki sawa. Mzee wa nyuma hana pa kuingilia. Wanyarwanda husema "uburinganire n'ubwuzuzanye", kulingana na kukamilishana, na neno la pili linamjibu mzee kabla hajasimama. Kwetu, "haki sawa kwa wanawake na wanaume" ni ndefu kidogo kuliko "usawa wa kijinsia" lakini haizui swali la kuzaa. "Hamsini kwa hamsini" nayo ni nzuri inapohusu viti vya kuhesabika. Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliweka kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Utekelezaji wake umewasumbua kwa miaka, lakini hakuna anayebishana kuhusu maana ya thuluthi mbili.

Kugawa sawa na kugawa kwa haki

Kiingereza kina "equality", kila mtu kiasi kimoja, na kina "equity", kila mtu kwa haki yake, na kwa Kiswahili zote mbili huangukia "usawa" kama maji ya mvua kwenye mtaro mmoja. Mfano mzuri uko Kenya. Katiba inazipa kaunti 47 fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na neno la Kiingereza humo ni "equitable". Baadhi ya taarifa za habari huandika "mgao sawa". Anayesoma hivyo anategemea kila kaunti ipate kiasi kimoja, na akikuta Turkana imepata zaidi ya Lamu anadhani ameibiwa mtu. Si mgao sawa; hugawanywa kwa fomula inayotazama idadi ya watu na mengineyo. "Mgao wa haki" ungempa msomaji picha ya kweli.

Katiba hiyohiyo ina Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Hapa mfasiri alipata. "Kusawazisha" ni kazi ya greda: huchukui udongo sawa kila mahali, unaujaza penye shimo. Ukitaka "equity" katika umbo la kitenzi, hicho ndicho.

Katika jina, chaguo langu ni "haki", hata kama ni pana, na nikibanwa naeleza: kila mtu kwa kadiri ya mahitaji yake. Wapo wanaopenda "uwiano". Siwafuati, kwa sababu kwa mwalimu wa hesabu uwiano ni 3 kwa 5, na kwa Wakenya lipo kwenye jina la Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambako linahusu watu kuishi kwa maelewano. Neno lenye waajiri wawili tusiliongezee wa tatu. "Uadilifu" ungefaa kwa asili yake. Kwa Kiarabu "ʿidl" ni mzigo wa upande mmoja wa ngamia, ambao usipolingana na wa upande wa pili safari haifiki. Bahati mbaya kwetu limeshahamia kwenye tabia ya mtu. Ndiyo maana nawaonea wivu Waganda na "obwenkanya" yao, haki iliyochongwa moja kwa moja kutoka kulingana. Kwa ubia wa biashara, ambako mnataka nusu kamili na kamili, "pasu kwa pasu" haijapata mpinzani.

Mamoja

Kuna usawa wa mtu aliyechoka. Mjerumani asiyejali husema "das ist mir egal", na "egal" hiyo ni "égal" ya Wafaransa iliyovuka mpaka: kwangu ni sawa, maana yake sijali. Kiarabu kina "sawaun alayhim" katika Surat al-Baqara, aya ya 6, ambayo wafasiri wetu huandika "ni sawa kwao" ukiwaonya au usiwaonye. Lugha baada ya lugha, vitu vikishalingana kabisa, moyo unaacha kuchagua.

Kiswahili kina neno maalumu la hapo, "mamoja", na nasikitika linapotea midomoni mwa vijana. "Aje asije, kwangu mamoja." Halina hasira wala upole. "Haidhuru" lina msamaha ndani yake. "Yote sawa" linaweza kuwa idhini, na ndiyo hatari yake: ukimwuliza mtu abomoe ukuta au asibomoe, akajibu "sawa tu", hujapata jibu. Mhariri wa mazungumzo katika tamthilia anajua: mhusika aliyekata tamaa husema mamoja, aliyekubali husema sawa, aliyesamehe husema haidhuru.

Wakongo wameipeleka "sawa" kwingine kabisa. Bukavu na Lubumbashi "sawa" hufanya kazi ya "kama": "sawa vile nilisema". Wa Dar es Salaam akisikia mara ya kwanza anangoja sentensi iishe. Kama unaandikia wasomaji wa pande zote mbili, tumia "kama", kila mtu ataelewa.

Uwanjani na darasani

Huku mambo ni mepesi, watu wamekwisha kukubaliana. Magazeti mengi ya michezo Tanzania huita 1-1 sare na 0-0 suluhu. Wakenya wana "sare tasa" kwa ile isiyo na bao, na nakiri wametupiga chenga kwa uzuri wa neno. "Kutoshana nguvu" lina sifa ndani yake, kwa hiyo usilitumie kwa mechi mbovu. Bao la kusawazisha ni greda lile la Hazina, limevaa njumu.

Hesabu imepata alama yake ya usawa, "=", mwaka 1557, kutoka kwa Robert Recorde, tabibu wa Wales, aliyechoka kuandika kila mara "ni sawa na". Akachora mistari miwili iliyo sambamba, akiita mistari pacha, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Tunaisoma "ni sawa na", na sentensi nzima tunaiita mlinganyo. Hapo sawa na kulingana wamefunga ndoa.

Waandika programu wa siku hizi walikuta alama moja ya Recorde haitoshi. Kwenye lugha ya programu ya Python, "==" huuliza kama thamani zinalingana, na "is" huuliza kama ni kitu chenyewe kimoja. Kwenye JavaScript, namba 0 na herufi "0" ni sawa kwa alama mbili, "==", na si sawa kwa alama tatu, "===". Ni kitenge kilekile tena: mashine imelazimika kutenganisha chenyewe na mwenzake, kwa sababu haina muuzaji wa kuilaumu.

Mwezi uliopita kamati nyingine ilituma picha nyingine. Safari hii kijani. Nikaingia duka la mtaa wa pili, nikaonyesha simu, kijana akateremsha jora, akalibwaga kaunta. Nikalishika pindo, nikalitoa nje mlangoni penye jua.

"Ni jora moja na walilokatia wenzangu?"

Akasita kidogo. "Jora jingine, dada. Ila ni kilekile."